Hesabu ya Treni

Mwaka 1981 nilikuwa darasa la sita huko Buyenzi, Burundi, dawati moja na mtoto wa baba mdogo. Tulilala mkeka mmoja na kula sahani moja. Yeye aliokota vipande vya waya karibu na soko la Ruvumera, akavikunja bila kuchora chochote, na jioni likatoka lori lenye usukani unaogeuza magurudumu ya mbele, magurudumu yenyewe kayakata kwenye ndara kuukuu. Mtaa mzima ulisema mtoto huyu ana akili.

Mbele yetu kulikuwa na konkuru, mtihani wa taifa. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, na aliyeanguka mara nyingi shule ilikuwa imemwishia hapo. Nyumbani tuliongea Kiswahili. Shuleni tulianza kwa Kirundi, kisha Kifaransa kikashika masomo, na ndicho tulichokutana nacho kwenye karatasi.

Katika maandalizi tulipewa hesabu moja ambayo sijaisahau. Treni mbili zinaondoka vituo viwili, zinaelekeana: zitakutana baada ya muda gani? Nchi yetu haikuwa na reli hata mita moja. Kituo cha treni kwa Kifaransa ni gare, naye akalisoma gari. Akawa anatafuta gari liko wapi ndani ya hesabu ya treni, mpaka kengele ikagonga. Akapata sifuri.

Jioni, tukiwa barazani, nikamgeuzia maneno. Nikamwambia, ndugu yangu, Daihatsu inatoka hapa kwenda Rumonge, kilomita 70, inakwenda 40 kwa saa. Nyingine inatoka Rumonge kuja huku, inakwenda 30. Hakushika kalamu.

“Saa moja,” akasema. “Watapishana maeneo ya Magara.”

Majina yalipotoka, langu lilikuwemo. Lake halikuwemo. Baba yangu alikuwa karani bandarini, na redio yake ilisema Kifaransa kutwa. Baba mdogo alikuwa mvuvi. Tofauti yetu ilikuwa hiyo tu. Lakini miaka mingi niliamini kwamba nilimzidi akili, na naye aliamini hivyo hivyo. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Karatasi haikumnyima shule peke yake, ilimfundisha kujidharau. Tukikaa na watu akawa ananisukumia maneno: “Muulizeni huyu, ndiye msomi.”

Baadaye nilisomea ualimu, nikakutana na utafiti ambao mwanasaikolojia Robert Serpell aliutoa mwaka 1979. Aliwapa watoto wa Lusaka na wa Manchester maumbo ya kunakili. Kwa penseli na karatasi, Waingereza walitangulia. Kwa waya, Wazambia wakatangulia. Nilifunga kitabu nikaenda kusimama nje. Nililiona lile lori la Ruvumera mbele ya macho yangu. Kama konkuru yetu ingekuja na kipande cha waya, ni mimi ambaye ningerudi nyumbani.

Na kwetu neno la akili pana kuliko ya karatasi lilikuwapo siku zote. Kirundi husema ubwenge. Ethel Albert, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyefanya utafiti Burundi miaka ya 1950, aliandika mwaka 1964 kwamba Warundi wanamaanisha werevu unaozaa matunda, hasa wa kujua la kusema na mahali pa kulisema. Hakuna karatasi niliyowahi kusahihisha iliyopima hilo.

Ndugu yangu alifungua gereji Buyenzi. Huinamisha sikio kwenye injini ya dizeli na kukwambia pampu ndiyo mbovu kabla hajashika spana. Vijana aliowafundisha kazi wametawanyika mji mzima.

Mwalimu unayesoma haya, mtoto akikosa swali, muulize tena kwa lugha anayoongea na mama yake, kabla hujaandika sifuri.