Jibu la Tatu

Kabla sijaenda chuo cha theolojia nilisomea kompyuta, na mpaka leo, kazi za usharika zikiisha na nyumba ikatulia, huwa nakaa saa moja au mbili nikiandika programu. Mke wangu huiita "shamba la usiku la mchungaji". Huu ni mwaka wa pili shamba hilo lina zao moja tu: natengeneza mfumo wa aina ndani ya kompaila ya Lisp. Najua sentensi hiyo haisemi kitu kwa wasomaji wengi wa kitabu hiki, kwa hiyo nitaifungua polepole. Ndani yake nilikuta jambo lililonisaidia katika baraza la wazee, na naona si haki nilifiche kwa sababu tu lilitoka mahali pa ajabu.

Lisp ni lugha ya kuandikia programu. Aliibuni John McCarthy katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1958, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1960. Kwa lugha za kompyuta huyo ni bibi kabisa, lakini bado anatembea. Kila kitu ndani yake huandikwa kama orodha iliyofungwa kwa mabano, mabano ndani ya mabano, mpaka macho yanachoka. Kompaila nayo ni programu inayochukua maandishi hayo ya mwanadamu na kuyageuza kuwa amri ambazo mashine inaweza kuzitekeleza.

Na aina je? Hapa sisi wa Kiswahili tuna bahati, maana jambo hili tumelijua tangu utotoni. Mtu akisema "kiti umevunjika", mtoto wa miaka mitano atacheka. Hajafundishwa ngeli, lakini sikio lake limekwisha kukataa. Tena, ukiwa sebuleni ukasikia mtu jikoni anasema "kimevunjika!", hujaona kitu, hujui kama ni kikombe, kijiko au kiti, lakini tayari unajua ni cha kundi gani, na unajua hakika kwamba si meza. Mfumo wa aina hufanya kazi ya sikio hilo. Namba ni aina moja, maneno ni aina nyingine, orodha ni nyingine. Ukiiambia mashine ijumlishe tano na jina "Elizabeti", umesema "kiti umevunjika".

Lisp kwa desturi yake haina sikio hilo mlangoni. Huipokea programu yoyote na kuiacha iende. Kosa litajulikana njiani. Hiyo ndiyo raha yake, kwa sababu unaweza kujaribu wazo kabla hujalimaliza kulifikiri. Na ndiyo hatari yake. Programu ya hesabu za sadaka inaweza kwenda vizuri miezi kumi na moja, na mwezi wa kumi na mbili, mhazini anapoandika "elfu kumi" kwa maneno badala ya tarakimu, ikasimama mbele ya mkutano mkuu wa usharika.

Wengine walishika njia tofauti. Robin Milner, akiwa Edinburgh kule Scotland, alichapisha mwaka 1978 namna ya kuiwezesha kompaila igundue aina zote yenyewe bila kuambiwa, kama vile sisi tunavyoitambua ngeli kwa kusikia "kimevunjika". J. Roger Hindley alikuwa amefikia jambo la jinsi hiyo mwaka 1969, ndiyo maana njia hiyo hubeba majina ya wote wawili. Milner alithibitisha kwamba programu iliyopita ukaguzi huo haitafanya kosa la namna hiyo ikiwa kazini. Lugha yake, iitwayo ML, ilikuwa na mlango mkali: lisilothibitishwa haliingii. Nami hufurahi kila nikikumbuka kwamba ML ya kwanza yenyewe iliandikwa kwa Lisp. Mtoto mkali alilelewa katika nyumba ya bibi asiyeuliza maswali mlangoni.

Kijana mmoja wa usharika wetu, anayesoma chuo kikuu, aliniuliza, "Sasa mchungaji, kama unataka ukali, si utumie lugha iliyo kali tangu mwanzo? Bibi wa watu unamsumbua wa nini?"

Nilimjibu kwa kumtajia bei ya ukali. Mwaka 1936 Alan Turing alionyesha kwamba hakuna njia moja inayoweza kuitazama programu yoyote ile na kusema bila kukosea kama itafika mwisho au itazunguka milele. Mwaka 1953 Henry Gordon Rice alilipanua jambo hilo: karibu kila swali kuhusu kile ambacho programu itafanya, mbali na jinsi ilivyoandikwa, halina njia ya kulijibu sawasawa kwa programu zote. Maana yake kwa mtu anayejenga mlango ni nzito. Ukitaka mlango usiopitisha hata mbaya mmoja, na unaotoa jibu kwa kila anayebisha, lazima utawafungia nje baadhi ya wema. Huwezi kuuepuka uzito huo kwa kuwa fundi hodari zaidi. Umo katika asili ya jambo lenyewe. Nje ya kila mlango mkali wa namna hiyo kuna aliyesimama bila kosa.

Kwa hiyo waliotaka kuingiza aina ndani ya Lisp bila kuiua walitafuta njia yao. Katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, ilitengenezwa Lisp iitwayo CMUCL, na mwaka 1999 ikazaa nyingine iitwayo SBCL, ambayo jina lake linachezea chuma na benki, vitu vilivyowatajirisha Carnegie na Mellon. Ndani ya hizi, mwandishi wa programu anaweza kutoa tamko: "Jina hili litabeba namba." Kuna kompaila nyingine zinazoliamini tamko kama hilo zikaenda zimefumba macho, na likiwa la uongo mashine huanguka vibaya. Hizi mbili, katika desturi yake ya kawaida, hulipokea tamko kisha hulichunguza. Zikiweza kuthibitisha kwamba ni kweli, ulinzi wote huondolewa na programu hukimbia nyepesi. Zikiona kwamba linapingana na mambo mengine, huonya kabla safari haijaanza.

Na zisipoweza kuthibitisha hili wala lile? Hapo ndipo penye jibu la tatu. Huiacha programu iende, lakini huweka mlinzi, na mlinzi huyo hakai mlangoni. Hukaa pale hasa ambapo kitu kitatumika, hatua moja kabla ya kujumlisha. Kikifika pale kikiwa namba, kinapita. Kisipokuwa namba, kazi inasimama hapo hapo, na inaelezwa ni nini kilichokutwa badala yake.

Mimi katika shamba langu dogo nimefuata mfano huo, na sehemu iliyonila usiku mwingi zaidi ilikuwa ndogo kwa kuitazama. Programu za Lisp zina tabia ya kuuliza: "Je, hiki ni namba? Kama ndiyo, jumlisha. Kama siyo, fanya lile." Mkaguzi wa kawaida halisikii swali hilo, anaona tu kwamba kitu hakijulikani, naye analalamika. Lazima umfundishe kukumbuka kwamba katika njia ya "ndiyo" kitu kile kile sasa kinajulikana, na katika njia ya "siyo" kinajulikana kwamba sicho. Sam Tobin-Hochstadt na Matthias Felleisen waliitengeneza njia hiyo katika Typed Racket, lugha ya ukoo wa Lisp, nami nilikanyaga nyayo zao. Kitu chenyewe hakijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba kimeulizwa, na jibu limeshikwa.

Wakati huo huo baraza letu lilikuwa na jambo mezani. Mama mmoja alikuwa amehamia kwetu na watoto wawili. Alisema amebatizwa na kupata kipaimara katika usharika wa mbali, lakini mafuriko yalichukua nyumba pamoja na vyeti. Tuliandika barua kwa usharika ule mara mbili, hatukujibiwa. Kwa miezi minane mama huyo alihudhuria kila Jumapili, na washarika walipotoka kwenda kwenye Meza ya Bwana, yeye alibaki kwenye benchi, mtoto mdogo mapajani. Mwimbaji mmoja wa kwaya aliniambia kwamba siku za Chakula cha Bwana hawezi kutazama upande ule.

Wazee waligawanyika. Wengine walisema, "Tumpokee tu, Mungu ndiye ajuaye." Upande wa pili aliongoza mzee mmoja, mhasibu mstaafu, mtu ninayemheshimu sana. Miaka ya nyuma tulimpokea mgeni mwenye maneno matamu, akashika fedha za kikundi cha akina mama wa jumuiya, wengi wao wajane, kisha akapotea nazo. Mzee huyu ndiye aliyekwenda nyumba kwa nyumba kuwaeleza wajane wale. "Mchungaji," alisema, "upendo bila daftari ni uzembe." Sikuweza kumwambia amekosea. Alichokisema kilikuwa na makaburi ndani yake, maana mmoja wa wajane wale alifariki bila kuiona fedha yake.

Nilikaa kimya nikaona kwamba tulikuwa tunabishana juu ya mlango tu. Upande mmoja uliutaka wazi, mwingine uliutaka umefungwa mpaka karatasi ije, na karatasi huenda isije kamwe. Nikamuuliza mzee, "Baba, unachokiogopa kitatokea mahali gani hasa?" Alifikiri, kisha akajibu kwa unyofu: kwenye fedha, na kwenye uongozi. Nikamuuliza, "Na pale mezani, je?" Hakujibu upesi.

Nadhani Mwenye shamba katika Mathayo 13 alitoa jibu la namna hii. Watumwa wake walikuja na majibu mawili tu, ngano au magugu, nao walitaka kuanza kung'oa asubuhi ile ile. Yeye hakusema magugu ni ngano. Alisema macho yao hayatoshi kwa sasa, akaiweka hukumu mahali pake, wakati wa mavuno, mikononi mwa wavunaji. Huwa tunalihubiri neno hilo kama uvumilivu, na ni kweli, lakini ni utaratibu pia. Anajua ni wapi pa kumweka mlinzi.

Basi tulimwita mama yule. Hatukumhoji kama mshtakiwa. Mwinjilisti alimwomba atueleze alivyofundishwa. Alieleza maana ya kanuni ya tatu ya imani kama ilivyo katika Katekisimo Ndogo, kwa kichwa, akakwama mahali kidogo, akacheka, akaendelea. Paulo aliwaagiza Wakorintho kwamba kila mtu ajihoji mwenyewe kabla ya kula mkate ule, na Luther, katika Katekisimo hiyo ya mwaka 1529, aliweka kustahili kwetu katika kuiamini ahadi inayotamkwa pale. Cheti ni kitu chema, na nitaendelea kuvidai vyeti. Lakini baada ya mama yule kuulizwa na kujibu, hatukuwa tena mahali tulipokuwa kabla ya kuuliza.

Sitaki kuubebesha mfano huu mzigo usiouweza. Aina husema kitu ni cha namna gani, haisemi kama ni chema. Programu inayotoa sadaka badala ya kuzijumlisha itapita ukaguzi wangu wote bila doa, kwa sababu namba ni namba. Ndivyo ilivyo pia kwa mtu anayetamka imani nzima bila kukosa neno huku moyo umelala. Sheria hukuonyesha kosa, haikupi uzima. Mlutheri hahitaji kompaila kumwambia hilo. Na mlinzi wa kompaila akikuta kosa husimamisha kazi, basi. Hajui kurudi kundini, na hana habari ya baba anayetoka mbio kumlaki mwana njiani.

Tulichoamua ni hiki. Mama yule akaribishwe kwenye Meza ya Bwana Jumapili inayofuata. Asipewe kushika fedha wala kuchaguliwa kuwa kiongozi mpaka barua ije, au mpaka miaka mitatu ipite akiwa kati yetu. Barua iandikwe mara ya tatu. Na awepo mzee mmoja wa kutembea naye na wanawe, awatembelee, aijue nyumba yao.

Kabla ya kufunga kwa sala mzee mhasibu, ambaye kijana wangu wa chuo kikuu alikuwa amemsimulia habari za shamba langu la usiku, alinigeukia. "Mchungaji, hiyo mashine yako, ikimpitisha asiyefaa, nani anaandikwa?"

Nikamwambia kwamba inataja mahali pale pale palipovunjika.

Akatikisa kichwa, akamgeukia katibu. "Basi pale kwenye mzee wa kutembea naye, andika jina langu. Na namba ya simu iandike, wasije wakasema hawakunipata."