Aliyeaminiwa Bunduki, Akanyimwa Mkopo

Tunapomkumbuka askari wa King's African Rifles aliyerudi Tanganyika baada ya vita vya 1939 hadi 1945 akafungua duka katika mji mdogo, husifia kwanza nidhamu yake. Jeshi, tunasema, lilimfundisha kuhesabu, kutunza stoo na kuamka mapema, na hayo yakamfanya mfanyabiashara. Kuna ukweli ndani yake. Wapo waliojifunza udereva, ufundi na kuandika, na akiba ya mshahara ikawa mtaji. Tena mtu aliyepita bonde la Kabaw, Burma, mwaka 1944, mvua za monsuni zikimnyeshea, hakushindwa kufuata sukari na khanga katika mji wa mbali. Lakini nidhamu haijazi rafu. Ukiuliza kwa nini duka hilo lilibaki la chumvi, kibiriti na mafuta ya taa ya kupima, mimi nasema jibu limo katika mkopo.

Biashara ya rejareja ilikwenda kwa mali kauli: mwenye duka la jumla anatoa mzigo leo, mchuuzi analipa akishauza. Mchuuzi wa Kihindi aliupata mzigo huo kwa jamaa au kwa watu waliomjua. Mwafrika alikutana na sheria ya mwaka 1931, ambayo ilifanya deni lake kwa asiye Mwafrika lisidaike mahakamani bila kibali cha maandishi cha ofisa wa serikali. Nani angemkopesha mtu asiyeweza kumdai? Watetezi wa sheria hiyo walisema ilimkinga mwananchi na wakopeshaji walafi. Ulafi ulikuwapo, sikatai. Hata hivyo, ulafi hukomeshwa kwa kumbana mlafi, siyo kwa kumhesabu mteja wake kuwa mtoto. Tume ya Kifalme iliyotoa ripoti mwaka 1955 nayo iliona kwamba vizuizi vya aina hiyo vilikwamisha maendeleo ya Waafrika. Serikali ileile ilikuwa imemkabidhi mtu huyu bunduki na maisha ya wenzake. Ilipofika zamu ya gunia la sukari, ikaona hawezi kujiamulia.

Mtu atanipinga kwamba askari wengi walirudi kulima, na waliofungua maduka walikuwa wachache. Ni kweli, na ndiyo maana hoja yangu inasimama: mlango ulikuwa mwembamba, waliopita wakawa wachache, kisha uchache wao ukachukuliwa kuwa ushahidi kwamba Mwafrika hajui biashara. Mwingine atasema Uhuru uliondoa kikwazo hicho. Uliondoa cha rangi, lakini shaka juu ya mchuuzi mdogo haikuisha. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ilifunga maduka mengi ya watu binafsi ili maduka ya vijiji yachukue nafasi yake. Nia ilikuwa tofauti kabisa na ya mkoloni, kwani ilitafuta usawa. Kwa mzee aliyejenga duka lake shilingi kwa shilingi, matokeo yalifanana. Tukimheshimu kweli, tusiishie kusifia ukakamavu wake wa kijeshi. Tuzitaje kwa majina sheria na amri zilizombana, na tuzipime sera za mikopo za leo kwa swali moja: je, zinamwamini mwenye duka dogo?