Biki Ibaki Mkononi Mwako



Katika miji yetu ya machimbo, mtoto akiingia iniversite, jamaa yote inasikia. Baba anahesabu mshahara mara mbili. Mama anaongeza bidhaa kwenye meza yake ya soko. Feza zinaenda kwa masomo, kwa nyumba ya kupanga, kwa silabusi. Lakini kuko ulizo moja ambalo jamaa nyingi haziulizi: huyu mtoto wetu, nani anamusaidia kuandika?

Sisemi kuandika barua kwa shangazi. Nasema kuandika kurasa 40 ao 60 za TFC, zenye mawazo yanayofuatana na ushuhuda wake, tena katika Kifransa. Nyumbani tunasema Kiswahili, na wengine Kiluba, Kisanga ao Kibemba. Kifransa ni luga ya masomo. Kijana anaanza kazi nzito katika luga ya pili ao ya tatu. Akikwama, hiyo haionyeshi kama hana akili.

Nilifundisha Kifransa miaka mingi katika sekondari. Sasa wanafunzi wa iniversite wanakuja kwangu na makaratasi. «Baba mwalimu, unisahihishie tu hii, kesho naitoa.» Nawajibu: «Mtoto wangu, keti. Weka biki karibu yako. Unisomee kwa sauti.»

Siku moja binti mmoja alinisomea ukurasa juu ya maji ya visima katika kartie yao. Fungu moja lilikuwa na mistari minane bila nukta. Katikati pumzi ilimwishia, akacheka mwenyewe. Nikamuuliza: «Unataka kusema nini hapa?» Akanijibu kwa Kiswahili, mbiombio: «Baba, wakati wa kiangazi visima vinakauka, njo wanawake wanaamka saa kumi ya usiku.» Nikamwambia: «Basi, andika hiyo.» Wazo lilikuwa ndani yake tangu mwanzo. Alikosa tu mtu wa kumsikiliza na kumuuliza.

Iniversite nyingi za mbali zimefanya kazi hii kuwa na chumba chake na saa zake. Kule Marekani, iniversite ya Purdue ilifungua chumba cha kusaidia uandishi katika 1976, na tangu 1994 mashauri yake yanasomwa kwa intaneti. Mwalimu mmoja wa kule, Stephen North, alieleza katika 1984 kwamba shabaha si kutengeneza karatasi moja iwe nzuri, ni kumfanya mwenye kuandika awe bora. Karibu na sisi, iniversite ya Cape Town ilifungua chumba chake katika 1994, na kule Johannesburg iniversite ya Witwatersrand ikafuata katika 1998. Hiyo ya Witwatersrand ilitokana na shule ya machimbo iliyoanzishwa Kimberley katika 1896. Kwa hiyo watu wa machimbo wasiseme kama uandishi hauwahusu.

Kazi inafanyika namna gani? Mwanafunzi anakuja na ulizo la profesa na karatasi yake, hata kama haijaisha. Anaketi na msaidizi, mara nyingi mwanafunzi mkubwa aliyefundishwa kazi hiyo, nusu saa ao saa moja. Wanaanza na mambo makubwa: umejibu ulizo? Wazo lako ni lipi? Ushuhuda uko wapi? Mafungu yanafuatana? Makosa ya Kifransa yanakuja nyuma. Msaidizi hatoi pointi, na haandiki kwa nafasi yako.

Hapa njo pa kuangalia sana. Kuko watu wanaouza TFC iliyokwisha kuandikwa. Tangu mwisho wa 2022 kuko pia programu kama ChatGPT, inayokutolea kurasa nzima kwa dakika chache. Utafurahi siku hiyo. Lakini siku ya kutetea kazi yako, utauliziwa neno la ukurasa wa 12, na hautajua lilitoka wapi. Na siku kampuni itakupa karatasi nyeupe na kusema «andika raporo ya jambo hili», yule muuzaji hatakuwa pale. Jamaa italipa miaka yote, na wewe utabaki na diploma isiyoweza kusema.

Kama kwenu chumba namna hiyo hakiko, muanze nyinyi wenyewe. Wanafunzi watatu ao wane, meza moja, siku ya posho mchana, katika chumba ambacho parokia itawaazima. Mufuate mambo haya:

Njoo mbele ya wakati. Juma mbili mbele ya kutoa karatasi ni vizuri. Usiku wa mwisho hakuna msaada.

Soma kwa sauti. Sikio linakamata kosa ambalo jicho linapita.

Kama Kifransa kinakataa, sema wazo kwanza kwa Kiswahili, kisha uliandike.

Uwe na kaye ndogo ya makosa yako. Chagua mawili yanayorudia kila mara, upigane nayo mwezi mzima.

Ukikamata wazo katika buku ya mtu, taja jina lake.

Na anayesaidia asishike biki. Aulize tu, na mwenye karatasi aandike.

Wazazi, nanyi muko na kazi, hata kama haukusoma sana. Mwambie mtoto: «Unielezee kazi yako kwa Kiswahili.» Akishindwa kukueleza wewe, hajaielewa bado, arudi mezani. Na wewe yaya uliyemaliza mbele, usiseme hauna nafasi. Mdogo wako anaona haya kukuuliza. Umuite wewe.

Kijana, karatasi yako inayofuata ni ya tarehe gani? Hesabu juma mbili nyuma, na utafute leo mtu wa kukusikiliza.