Kando ya Reli ya Nanyuki

Watu wengi wakisikia habari za magofu na vitu vya kale hudhani kuwa ni lazima mtu aende pwani, akatazame Gedi au Ngome ya Yesu. Mimi mwenyewe nilikuwa na fikira hiyo hiyo, mpaka nilipoamua kuifuata reli iendayo Nanyuki, mara kwa matatu, mara kwa miguu, nikitazama vilivyoachwa kando yake. Safari ilinichukua siku tatu. Nataka kuwaeleza wasomaji yale niliyoyaona, na jambo moja nililolitafuta nisilione.

Reli hii ilifika Thika mwaka 1913. Wakubwa wa wakati huo waliiita njia ya tramu, si reli, na yasemekana walifanya hivyo ili kuepuka maswali ya wenye kutoa fedha huko London. Basi tramu hiyo ikazidi kurefuka. Ikapita Maragua, ikapanda Sagana na Karatina, ikapita Kiganjo na Naro Moru, na mwaka 1930 ikafika Nanyuki, chini ya mlima wenyewe. Mjini Nyeri haikufika kamwe. Mgeni aliyeshuka Kiganjo akidhani amekwisha kufika alijikuta bado ana maili kadhaa za kwenda.

Kwa miaka mingi gari la moshi lilibeba nafaka, mbao, ng'ombe na askari. Kisha malori yakashinda. Magari yakapungua hata yakakoma, nyasi zikafunika mataruma, na watu wakajenga vibanda vyao juu ya ardhi ya reli kana kwamba ni shamba lisilo na mwenyewe. Ilikuwa hivyo mpaka mwaka 2020, wanajeshi na vijana wa huduma ya taifa walipotumwa kusaidia kuitengeneza, na mwezi wa Desemba mwaka huo gari la abiria likafika tena Nanyuki. Vibanda vilikuwa vimekwisha kuondolewa. Hivyo reli ni kitu kilichokufa kikafufuka.

Lakini Karatina palikuwa na kitu kingine, nacho hakikufufuka. Nacho ndicho nilichokwenda kukitafuta.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, majeshi yaliyokuwa mbali yalihitaji mboga zisizooza njiani. Kiazi ni maji kwa sehemu nne katika tano, na kabeji ni maji kwa zaidi ya sehemu tisa katika kumi. Kuisafirisha kabeji mbichi kwa meli ni sawa na kusafirisha maji. Basi Serikali ikajenga kiwanda cha kukausha mboga hapo Karatina, na kingine Kerugoya. Mboga ziliwahi kuoshwa, kumenywa na kukatwa vipande, zikapitishwa katika maji ya moto au mvuke, kisha zikakaushwa kwa hewa ya moto. Gunia zima likawa mzigo ambao mtoto aweza kuubeba. Ardhi ya Mathira ilikubali mboga vizuri, mvua ilikuwapo, reli ilikuwapo, na mnunuzi alikuwa mlangoni. Mkulima aliyezoea kuuza ziada yake sokoni kwa bei ya siku hiyo sasa alikuwa na mahali pa kuipeleka.

Vita vikaisha mwaka 1945. Wanajeshi waliokuwa wakila mboga zile wakarudi makwao, na baada ya muda mfupi kiwanda kikafungwa. Wakulima walitaka kukinunua wakiendeshe wenyewe, lakini hawakupewa. Sisemi kwamba bila shaka wangefaulu. Kuendesha kiwanda si kama kulima karoti. Kwataka fundi, kuni, hesabu, na zaidi ya yote wanunuzi, ambao wakati huo ilikuwa shida kuwapata. Lakini hawakupata hata nafasi ya kujaribu, na jambo hilo likaongezwa katika orodha ya manung'uniko yaliyokuwa yakikua katika nchi ya Nyeri miaka ile kabla ya Hali ya Hatari kutangazwa mwaka 1952.

Niliwauliza vijana watatu sokoni Karatina, kiwanda cha mboga kilikuwa wapi? Mmoja alinionyesha kiwanda cha kahawa. Mwingine akaniuliza kama nanunua ardhi. Mwishowe mama mmoja mkongwe, aliyekuwa ameketi nyuma ya mafungu ya vitunguu, akaniambia, "Mwanangu, mimi sikukiona nikiwa na akili. Lakini mama yangu aliuza karoti huko, na kwa fedha ile alinunua mbuzi wawili." Nikamwuliza mahali penyewe. Akainua mkono kuelekea upande wa reli, akaushusha. Nilizunguka upande huo mpaka jua likawa kali, lakini sikuona jiwe wala ubao wa kunieleza.

Kesho yake nilikwenda Nyeri mjini, na huko mambo ni mengine. Kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti, aliyefariki mwezi wa Januari 1941, limefagiliwa vizuri. Kanisa la ukumbusho la Waitaliani lahifadhi mabaki ya watu 676 waliokufa vitani na katika kambi za wafungwa, na pamoja nao amelala Mtawala wa Aosta, aliyekufa Nairobi mwaka 1942 akiwa mfungwa. Majina yameandikwa ukutani moja moja. Nilisimama hapo muda mrefu, nami sioni vibaya kwamba wafu hao watunzwa. Ila siku hiyo hiyo nilionyeshwa, ukingoni mwa msitu, alama ya ule mtaro wa maili 50 ambao wanakijiji walilazimishwa kuuchimba wakati wa Hali ya Hatari ili kuwatenga wapiganaji wa Mau Mau na chakula. Sasa ni bonde dogo lenye majani, na mbuzi walikuwa wakilisha ndani yake.

Nanyuki sikukaa sana. Huko ndiko ilikokuwa kambi Na. 354, ambayo Felice Benuzzi na wenzake wawili waliitoroka Januari 1943 kwa vyombo walivyojitengenezea kwa vyuma vilivyotupwa, wakaupanda mlima, kisha wakarudi kambini kwa hiari yao. Pana pia habari za kiwanda cha nguo cha Mountex, kilichoajiri watu baada ya Uhuru nacho kikaanguka. Lakini hiyo yataka makala yake peke yake.

Nikarudi Karatina jioni ya siku ya tatu. Soko lilikuwa likifungwa. Malori mawili yalikuwa yakipakiwa kabeji za Nairobi, na makuli walikuwa wakiimba. Chini, kati ya magurudumu, palikuwa na lundo la kabeji zilizoachwa, nyingine zimepasuka tu, nyingine bado nzima. Nilimwuliza dereva zitakwenda wapi.

"Hizo?" akasema. "Hizo ni za ng'ombe. Zikibaki hata kesho, hutupwa."