Maikrofoni Mkononi Mwangu

Kameme FM ilipoanza kutangaza kwa Kikuyu mwaka 2000, vijana wengi wa Nyeri tuliolelewa na redio ya taifa tuliona mlango umefunguka. Mimi niliingia kazini kupitia kituo kidogo cha mjini. Chombo cha kwanza nilichokabidhiwa kilikuwa Shure SM58, maikrofoni ya Kimarekani iliyotoka mwaka 1966 na ambayo hadi leo utaikuta kanisani na jukwaani.

Studio yetu ilikuwa chumba chini ya mabati, kuta zimefunikwa mablanketi. Wenzetu walitamani maikrofoni za kondensa, zile zinazonasa hata karatasi ikifunuliwa. Fundi mitambo wetu alikataa, na alikuwa sahihi. Mvua ndefu za Aprili zikiyapiga mabati, kondensa hubeba kila tone hewani, na unyevu wa ukungu wa Julai huisumbua. Maikrofoni ya dainamiki kama ile SM58 ni imara, haichukui sauti za mbali, nayo humlazimu mtangazaji asogee karibu. Vidole vinne kutoka mdomoni, hapo ndipo sauti hupata uzito. Ukisogea karibu zaidi, besi hufura na maneno yakawa mazito kupita kiasi.

Lugha nayo ina madai yake. Kikuyu hakina sauti ya p, na b yake hupita midomoni laini bila kupasuka. Mtangazaji akihamia Kiswahili, akataja pesa, polisi au pembejeo, pumzi huigonga maikrofoni na msikilizaji husikia kishindo. Niliwafundisha chipukizi waielekeze kwenye pembe ya mdomo, pumzi ipite kando, sauti ifike. Sponji husaidia, lakini haiondoi haja ya kukaa vizuri.

Nje ya studio ndiko nilikojua thamani ya umbali. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu ya sauti inayofika hubaki robo. Sokoni Karatina, kati ya makanga na wauza viazi, robo hiyo humezwa yote. Tulipomzika rais mstaafu Mwai Kibaki kule Othaya, tarehe 30 Aprili 2022, spika zilikuwa zikinguruma uwanja mzima. Nilimsimamisha niliyemhoji spika zikiwa mgongoni pangu, kisha nikamwelekezea yeye maikrofoni. Aina ile husikia mbele na huwa kiziwi nyuma, basi kisogo cha maikrofoni kikazielekea spika. Maneno ya niliyemhoji yakatoka safi.

Ila somo kubwa nililipata kwa wakulima wa chai na kahawa wa Tetu na Mathira. Katika baraza, mwanasiasa hunyoosha mkono aichukue maikrofoni, naye tayari ana sauti ya kujaza kiwanja. Cucu, yaani nyanya, aliyechuma majani ya chai tangu alfajiri huzungumza kwa upole, macho chini, kama alivyofunzwa kuzungumza mbele ya wazee. Maikrofoni ikikaa mahali pamoja, redioni mmoja atakuwa mkubwa na mwingine hatasikika kabisa. Kwa hiyo sikuiachia kamwe. Kwa mwanasiasa niliirudisha nyuma kidogo. Kwa cucu niliinama, nikaisogeza hadi karibu na kidevu chake, nikamwambia azungumze nami kama tuko jikoni kwake. Hewani walisikika sawa, na bei ya majani aliyoilalamikia ikapata uzito uleule wa ahadi ya mheshimiwa.

Siku hizi vijana wa Nanyuki, Embu na Meru hurekodi kwa simu. Sina neno na simu. Ninawaambia tu wavae vipokea sauti masikioni, wausikie upepo wa mlimani kabla msikilizaji hajausikia, na wakumbuke kwamba anayeshika maikrofoni ndiye anayeamua nani atasikika. Kazi hiyo haifai kuachiwa mwenye kelele nyingi. Ni ya mtangazaji, na ndiyo sababu nimeipenda.