Mtu Aliyekimbia na Mashine ya Aiskrimu

Ukiniuliza ninampenda nani zaidi katika filamu zote za Star Wars, sitakutajia Luke Skywalker wala Darth Vader. Nitakutajia mtu anayeonekana kwa sekunde chache tu, hasemi hata neno moja, na wengi mlioangalia ile filamu hamkumwona. Yuko katika The Empire Strikes Back, iliyotoka mwaka 1980. Kuna mji unaoelea juu ya mawingu. Wanajeshi wa adui wameshaingia, na mkubwa wa mji anatangaza kwamba kila mtu aondoke. Watu wanaanza kukimbia kwenye korido. Katikati yao anapita mwanaume mmoja mwenye nguo ya rangi ya machungwa, amekumbatia kitu cheupe kama pipa dogo. Anakimbia, anapotea. Basi.

Mashabiki wakachunguza kile kitu. Kumbe ni mashine ya nyumbani ya kutengeneza aiskrimu! Wakacheka sana, lakini swali halikuisha: huyu mtu alikuwa anaokoa nini? Baadaye mchezo mmoja wa karata wa Star Wars ukampa jina, Willrow Hood, na ikaelezwa kwamba alikuwa anaokoa kumbukumbu za kompyuta zisianguke mikononi mwa adui. Kampuni ya Hasbro ikamtengenezea kichezeo chake, na pipa lake mkononi. Siku hizi kwenye mikutano mikubwa ya mashabiki kuna watu wanaovaa nguo ya machungwa, wanashika mashine za aiskrimu na kukimbia pamoja ukumbini. Mwaka 2019, katika The Mandalorian, pipa la namna ile ile lilionekana tena, safari hii likiwa chombo cha kuwekea mali ya thamani.

Mimi ni mkimbizi, na ninafanya kazi na vijana wakimbizi hapa Kigali. Wenzangu wananishangaa kwamba katika umri wangu bado ninaongea habari za maroboti na popi. Lakini angalieni jambo hili. Mtu alipita bila jina kati ya watu wanaokimbia. Akapata jina kwa sababu watu waliuliza: amebeba nini?

Hizi filamu sikuzijulia kwenye sinema ya mjini. Nilizijulia Gihembe, ile kambi ya juu ya kilima karibu na Byumba, ambako baridi inakuingia mpaka kwenye meno. Tulikuwa tunaangalia agasobanuye, yaani filamu ambayo mtu mmoja amerekodi sauti yake juu yake na anakueleza kila kitu kwa Kinyarwanda. Hapa Rwanda kila mtu anawajua akina Yanga na Rocky. Msimuliaji hatafsiri tu. Anaongeza utani, anawapa watu majina ya mtaani, anamkemea mwenye kosa kama shangazi yako. Ndiyo maana miaka mingi mimi niliamini kwamba kwenye anga za juu wanaongea Kinyarwanda.

Sasa nitoe maoni yangu, na atakayekataa anitafute tubishane.

Transformers. Wengi wanasema ni filamu ya watoto, vyuma vinapigana tu. Na ni kweli biashara ilitangulia hadithi: vichezeo vilitoka Japani, Hasbro ikavileta Marekani mwaka 1984, halafu ndipo hadithi ikaandikwa ili viuzwe. Lakini ukiisikiliza vizuri, Optimus Prime ni nani? Ni mzee ambaye nchi yake Cybertron imeharibiwa na vita vya ndugu kwa ndugu. Amefika kwa watu wengine, anajificha kwa umbo la lori, na kila siku anapaswa kuonyesha kwamba hakuja kuleta shida. Kijana yeyote aliyewahi kubadilisha namna yake ya kuongea akiingia kwenye taksi anamwelewa Optimus Prime.

Black Panther, mwaka 2018. Nilifurahi kama kila mtu. Weusi, teknolojia, mavazi, na madini ambayo mwenye nchi ndiye anayeyatumia. Sisi wa kutoka upande wa Masisi, ambako koltani inachimbwa kwa chepeo na kupelekwa mbali kuwekwa ndani ya simu na mashine za michezo, tunaona vizuri tamaa iliyo katika hadithi ya Wakanda. Lakini kuna mahali inauma. W'Kabi, rafiki wa mfalme, anasema kwamba ukiwakaribisha wakimbizi wanakuja na matatizo yao, na Wakanda itakuwa kama kwingine kote. Maneno hayo yanasemwa na Daniel Kaluuya, ambaye wazazi wake wametoka Uganda, nchi inayohifadhi wakimbizi wengi kuliko nyingine yoyote Afrika. Watu wanapita juu ya maneno hayo haraka. Mimi siwezi. Kwangu, Wakanda ni nchi nzuri sana ambayo mama yangu angesimama mpakani mwake akiwa na mtoto mgongoni.

District 9, mwaka 2009, ndugu zangu wa mashirika mnapaswa kuiangalia yote. Viumbe kutoka anga za juu wamekwama Johannesburg, wako kambini, na mtu wa ofisi anapita mlango kwa mlango na karatasi za kusaini ili wahamishwe. Wenyeji wanawaita kwa jina la dharau, kama mtu anayeita kamba wa baharini. Lakini mmoja wao anaitwa Christopher Johnson, ana mtoto, ana mpango wa kurudi kwao. Tangu unapolijua jina lake, huwezi tena kuiangalia ile filamu ukiwa upande wa mwenye karatasi.

Na ya nne ni ya kwetu kabisa: Neptune Frost ya mwaka 2021, ya Saul Williams na Anisia Uzeyman. Ilipigwa hapa Rwanda, hadithi yake iko Burundi, na baadhi ya waigizaji ni Warundi waliokimbilia huku. Kuna mchimba koltani, kuna wadukuzi wa kompyuta wanaoishi milimani, na mavazi aliyoyabuni Cedric Mizero yamejaa nyaya na vipande vya mashine. Si filamu rahisi. Kuna wakati utauliza "sasa hapo imekuwaje?" Lakini niliona kwamba mkimbizi anaweza kuwa mtu wa wakati ujao, si mtu wa jana tu.

Sasa tuje kwenye vichezeo, maana hapo ndipo ninapogombana na wakusanyaji wenzangu wa duniani.

Kwa wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, kichezeo cha thamani kubwa ni kile ambacho hakijafunguliwa. Boksi lisiwe na mkunjo, plastiki isipasuke, mtoto asikiguse. Kuna Boba Fett wa majaribio, mwenye roketi ya kuruka mgongoni, ambaye hakuuzwa dukani kwa sababu iliogopwa kwamba roketi ingemkaba mtoto. Leo anauzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Yaani popi ya bei kubwa ni ile ambayo hakuna mtoto aliyewahi kuichezea! Mimi nasema hapana. Kichezeo kisichochezewa ni kama sufuria isiyopikiwa.

Habari ninayoipenda zaidi ni ya Krismasi ya mwaka 1977. Star Wars ya kwanza ilikuwa imelipuka, kila mtoto Marekani anataka vichezeo, na kampuni ya Kenner haikuwa imeviandaa. Wakafanya nini? Wakauza bahasha ya karatasi ngumu, ndani kuna picha na cheti. Mtoto anatuma cheti kwa posta, halafu anangoja mwaka ufuatao aletewe popi 4. Watu wakainunua ile karatasi, wakaiweka chini ya mti wa Krismasi. Vijana wangu waliposikia habari hii walianguka kwa kicheko. "Kumbe na wao walipewa jeton!" Sisi tunajua kushika karatasi ya ahadi. Tofauti ni kwamba wale watoto waliletewa popi zao mwaka 1978. Huku kwetu kuna watu ambao mabegi yao ya kuhamia nchi ya tatu yalikuwa yamefungwa, mwaka 2025 safari zikasimama, na mpaka leo begi liko chini ya kitanda.

Gihembe hatukuwa na Kenner. Tulikuwa na waya, na kambambili zilizokatika tukazikata kuwa magurudumu. Mpira ulikuwa karere, wa majani ya ndizi. Gari langu la waya lilikuwa na mabawa kwa sababu nilikuwa nimeona filamu. Hakuna hata kimoja kilichobaki. Vilichezewa mpaka vikaisha, na ndivyo ilivyopaswa kuwa.

Lakini kimoja kilibaki, na si kichezeo. Nyumbani kwetu kulikuwa na kifuniko cha sufuria kisichoingia kwenye sufuria yoyote tuliyokuwa nayo. Kikubwa, kimepinda upande mmoja. Tulifunikia ndoo ya maji. Baada ya kusoma habari za Willrow Hood, nikiwa na miaka 20 na kitu, ndipo nikamuuliza mama kwa mara ya kwanza.

"Mama, siku mlikimbia, wewe ulibebaka nini?"

"Nilibebaka kile kifuniko," akasema. "Maharagi ilikuwa kwa moto. Nilifunuaka niangalie kama imeiva. Tukasikia masasi. Nikakimbia nakishika mu mukono. Nilikuja kujua niko nacho tukishafika mbali."

Ilikuwa Masisi, mwaka 1996. Akacheka, mimi nikacheka, halafu akanyamaza. Baadaye akaniambia maharagi yale yalikuwa ya watu wangapi, na majina yao. Wawili kati yao sikuwahi kuyasikia majina yao kabla ya siku ile.

Ndugu msomaji, maisha yangu yote familia yetu imejaza fomu. Ukubwa wa familia, tarehe, kijiji, nani mgonjwa. Maswali hayo yana kazi yake, bila hayo hakuna mgao wala shule. Lakini hakuna fomu iliyowahi kumuuliza mama alibeba nini. Na swali hilo moja lilifungua mlango ambao maswali mengine yote yaliupita.

Basi tukaanza jambo na vijana. Tuna chumba kimoja Nyamirambo siku za Jumamosi. Kila kijana anarudi nyumbani, anamuuliza mzazi, bibi au jirani: mlibeba nini? Halafu anatengeneza popi ya mtu huyo na kitu chake. Waya, udongo, vitambaa vya fundi cherehani, vifuniko vya chupa. Mifuko ya plastiki hatutumii, Rwanda iliipiga marufuku tangu 2008. Ukubwa wa popi ni sentimita 10 hivi, karibu sawa na zile za Kenner. Hapo mimi ndiye niliyesisitiza, shabiki ni shabiki.

Mpaka sasa ziko 26. Kuna mwalimu mwenye daftari la majina ya wanafunzi. Kuna babu mwenye redio bila betri. Kuna mwanamke mwenye ufunguo, amekwisha kuambiwa kwamba nyumba ilichomwa, na ufunguo anao. Kuna msichana aliyebeba kiatu kimoja. Bibi mmoja alikataa kujibu. Akamwambia mjukuu, "Achana na hayo." Tukaheshimu. Kijana akatengeneza popi yenye mikono imefungwa kifuani, kilicho ndani hakionekani. Mimi naiona ndiyo nzuri kuliko zote.

Kijana mmoja wa miaka 12 alinijia amekasirika. "Yaya, mimi nilizaliwa kambini. Sikukimbia popote. Nitengeneze nini?" Kabla sijajibu, dada yake akasema: "We! Wakati walifunga Gihembe, 2021, tukahamia Mahama, si ulipakataka kuku mu basi safari yote? Alikunyia nguo!" Watu wote wakacheka, na yeye pia. Akamtengeneza kuku kwa waya wa umeme na mkia wa kitambaa chekundu. Yeye mwenyewe amejiweka kwenye kiti, amemkumbatia kwa mikono miwili kama Willrow Hood.

Mgeni mmoja aliyetutembelea alizipenda sana, akashauri tuziweke ndani ya kabati la vioo zisiharibike. Ushauri wa moyo mwema, na wakusanyaji wa dunia wangemuunga mkono. Tulipiga kura, vijana wakakataa. Popi zinakaa ndani ya ndoo, na watoto wadogo wakija Jumamosi wanazimwaga chini na kuzichezea. Mwalimu na daftari lake ameshapanda lori la Optimus Prime. Babu wa redio amepigana na Darth Vader, na nasikia alishinda.

Kwa hiyo ninawaomba jambo moja. Ninyi mlio kambini, muulizeni mzee wenu wiki hii, kabla hamjachelewa. Na ninyi mnaokuja na fomu, mkimaliza kuandika, funga kalamu, halafu muulize mtu alibeba nini. Asipotaka kujibu, mshukuru.

Mkia wa kuku umeshakatika mara 3. Tunauunga kwa gundi ya kandambili, tunamrudisha mchezoni.