Deni la "Nairobi" katika baa ya kona, Berlin

Leo naomba tuweke kando programu na hifadhidata, tuzungumzie baa. Sisemi baa za hoteli zenye viti vya ngozi. Nasema zile za bei nafuu ambako mwenyeji wa kawaida huingia akitoka kazini. Hata hivyo, atakayesoma hadi mwisho ataona kuwa hifadhidata hatukuiacha mbali.

Mimi na mwenzangu, tuliyesoma naye sayansi ya kompyuta chuo kikuu, tulikwenda Berlin kwa kongamano la siku tatu la waandaaji programu. Tukaongeza siku nne za kutembea kwa pesa zetu wenyewe, na pesa hizo zilikuwa za kuhesabu. Yeye alikuwa amejifunza Kijerumani kidogo katika Goethe-Institut ya Nairobi. Mimi nilijua kushukuru na kuagiza bia, basi. Tukajiwekea sheria moja: hatuingii baa yoyote yenye menyu ya Kiingereza mlangoni.

Sheria hiyo ilitupeleka Wedding na Neukölln, mitaa ambayo tangu zamani ni ya wafanyakazi. Baa za aina hii Wajerumani huziita Kneipe, na ile iliyo kwenye kona ya jengo la nyumba za kupanga huitwa Eckkneipe. Utaitambua upesi: mapazia yamegeuka rangi ya chai, taa ni hafifu, mashine ya kamari inametameta ukutani. Ndani kuna moshi. Mwaka 2008 mahakama ya katiba ya Ujerumani ilisema kuwa marufuku ya sigara ilivyoandikwa iliwaonea wenye baa ndogo. Kwa hiyo Berlin inaziruhusu baa za chumba kimoja, zilizo chini ya mita 75 za mraba, kuwa za wavutaji, mradi asiingie aliye chini ya miaka 18. Ukitoka humo hata soksi zinanuka.

Kuna adabu zake. Ukiingia, salimia. Ukiona meza yenye kibao cha Stammtisch, usikae hapo hata kama ni tupu. Hiyo ni ya wateja wa kila siku. Na beba pesa taslimu. Sisi tuliozoea M-Pesa tangu 2007 tulishangaa kukuta, katika nchi inayounda magari ya kifahari, baa baada ya baa isiyopokea hata kadi.

Lakini kilichonishika zaidi ni kile kikadi cha kuwekea glasi. Ni cha masalia ya mbao yaliyosagwa na kukandamizwa, teknolojia ambayo Robert Sputh wa Dresden aliipatia hataza mwaka 1892. Kazi yake ni kunyonya maji ya glasi, lakini katika baa hizi kina kazi ya pili: ndicho kitabu cha hesabu. Kila bia ikiletwa, mwenye baa anachora mstari mmoja kwa kalamu pembeni mwa kikadi chako. Mstari wa tano unakata ile minne. Hulipi hadi unapoondoka, na wakati wote huo rekodi ya deni iko mbele yako wewe mdaiwa. Unaweza kuifuta? Kalamu unayo, giza lipo. Ila sheria ya Ujerumani inaihesabu mistari hiyo kuwa hati kamili, na kuichezea ni kosa la kughushi.

Linganisha na kwetu. Baa nyingi za bei hii zina nyavu za chuma kati ya muuzaji na mteja. Unapitisha pesa kwanza, ndipo chupa inapitishwa.

Usiku wa mwisho kule Wedding, tulikuwa tumehesabu sarafu zetu na kusimama ili tuondoke. Mwenye baa, mama wa makamo aliyekuwa amemhoji mwenzangu jioni nzima kuhusu mvua na mahindi ya kuchoma, akatuletea bia mbili zaidi. Mwenzangu akamweleza kuwa pesa zimekwisha. Mama akachora mistari miwili kwenye kikadi kipya, akaandika neno moja juu yake, akakisimamisha kati ya chupa nyuma ya kaunta. "Kesho," akasema.

Hakuuliza majina yetu. Hakutaka pasipoti. Neno alilokuwa ameandika ni "Nairobi".

Kwa lugha ya kazi yetu, huo ndio uliokuwa ufunguo wa rekodi. Mwenzangu alicheka njiani, kisha akanyamaza. "Unajua tukiruka kesho bila kulipa," akasema, "si mimi na wewe tutakaokuwa hatujalipa."

Ndege yetu ilikuwa jioni. Baa ilifunguliwa alasiri, nasi tulikuwa tumesimama mlangoni na mizigo. Tukalipa. Mama akakichukua kikadi, akakivunja vipande viwili, akavitupa kwenye pipa la taka. Rekodi imefutwa. Akatushika mikono, tukakimbilia treni.

Wakati huo tulikuwa tunaandaa programu ya madeni kwa maduka ya mitaani, na tulikuwa bado hatujaafikiana juu ya jambo moja: je, mteja aone kila kinachoandikwa kwa jina lake? Mwenzangu alihofia gharama ya ujumbe mfupi kwa kila unga na kila sukari. Ni hofu ya haki, maana faida ya duka dogo ni senti. Lakini daftari la deni kwetu hukaa nyuma ya kaunta, na mteja hutajiwa jumla mwisho wa mwezi. Hapo ndipo majirani wa miaka kumi huacha kusalimiana. Ndani ya ndege alifungua daftari lake, akaandika: "Anayedaiwa auone kila mstari, siku ile ile." Ndivyo tulivyoiunda.

Basi ukisafiri, majumba ya makumbusho tembelea, lakini jioni moja ingia baa ya kona. Angalia jinsi watu wanavyodaiana. Utaijua nchi upesi. Na ukiwa Wedding wakuulize umetoka wapi, sema Nairobi bila wasiwasi. Hatudaiwi.